Kiwimbi Kilichokosa Kitufe

Kaunti mbili za Ukambani zina majina ambayo Mswahili huyasikia kama ndugu wa maneno yake mwenyewe. Kitui huanza na ki-, kiambishi cha kiti na kitabu. Makueni huishia na -ni, kama mjini na shambani. Lakini Mkamba akiyaandika kwa lugha yake, kiambishi cha kwanza huwa kĩ- na kiishio cha pili huwa -nĩ. Alama ile iliyolala juu ya i, ambayo katika makala haya nitaiita kiwimbi, humjulisha msomaji kwamba irabu hii si i ya Kiswahili: ulimi unashuka kuelekea e, lakini haufiki. Kikamba kina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Kiswahili kina tano. Laptopu iliyo mezani katika saiba ya Wote, Mwingi au Kibwezi nayo ina tano.

Tofauti hiyo si pambo. Kwa Kikamba, ng'ombe ĩla ni yule ng'ombe, mmoja. Ng'ombe ila ni wale ng'ombe, kundi. Andika barua ya mahari au hati ya kuuziana mifugo bila kiwimbi, na hapo idadi ya ng'ombe inategemea huruma ya msomaji. Watu wa Ukambani wamezoea kukisia kutokana na muktadha, na hukisia vizuri, ila kukisia ni kazi ambayo maandishi yalipaswa kumwondolea msomaji.

Wala jambo hili halikuanza na kompyuta. Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849, akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona kwa mbali mlima wenye theluji. Wakamba waliutaja kwa jina linaloanza na kĩ-. Yeye akaandika Kenia. Jina ambalo leo limo kwenye pasipoti zetu lilipitia kalamu ya mtu aliyekuwa akitafuta herufi ya kuibebesha irabu asiyokuwa nayo. Reli ilipokuja baadaye, mahali ambapo Wakamba walipaita kwa neno mũtitũ, yaani msitu, wakiutaja msitu wa tumbusi, pakaandikwa Mtito Andei, na hivyo ndivyo kibao cha stesheni kinavyosomeka hadi leo katika Kaunti ya Makueni. Mtu akiniuliza kwa nini mpenda lugha ajishughulishe na vitufe vya kompyuta, hilo ndilo jibu langu. Vitufe ndivyo vinavyoamua leo kitakachoandikwa na kitakachoachwa.

Kukielewa kitufe ni kujua kilibuniwa kwa kazi gani, kinafanya kazi gani sasa, na wanaokitumia wanakiitaje. Mara nyingi mambo hayo matatu hayalingani.

Nianze na jina la ubao wenyewe. Shuleni nchini Kenya watoto hujifunza neno tarakilishi, na laptopu huitwa kipakatalishi, neno ninalolipenda kwa kuwa ndani yake mna kupakata, jinsi mama anavyomweka mtoto mapajani. Ubao wa vitufe una majina zaidi ya moja. Wapo wanaosema baobonye, wapo wanaosema kicharazio, na mitaani ni kibodi. Ninaandika kibodi kwa sababu ndilo neno lililo vinywani, lakini ningefurahi kicharazio kikishinda. Kucharaza ni kupiga mfululizo kwa mkono unaojua kazi yake. Mtu hucharaza ngoma, hucharaza gitaa. Neno hilo lina kasi na mdundo, na mpiga chapa anayetumia vidole vyote kumi bila kutazama chini hucharaza kwelikweli. Anayetafuta herufi mojamoja kwa kidole kimoja hudonoa. Kiswahili kilikuwa na vitenzi hivi viwili kabla taipureta ya kwanza haijateremshwa Mombasa.

Kwa kitu kimoja kinachobonyezwa, wapo waliosema ufunguo, wakilifuata neno la Kiingereza hatua kwa hatua. Sioni mlango wala kufuli hapo. Kitufe ni bora. Tufe ni mviringo, ndilo linalorushwa na wanariadha, na vitufe vya taipureta za zamani vilikuwa kweli vya duara. Vya laptopu vimekuwa vya mraba, lakini jina halijapoteza kitu kwa hilo.

Utajiri mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye vitenzi, na vitenzi hivyo viko saiba. Katika miji hii watu huenda saiba kurudisha ritani za kodi, kufungua akaunti ya eCitizen, kuombea kijana nafasi ya chuo, kuandikiwa barua na kuichapisha. Mteja huketi karibu na mhudumu, macho kwenye skrini, na mara nyingine huambiwa aandike mwenyewe nywila yake. Hapo ndipo Kiswahili cha vitufe husikika. "Bonyeza hapo, mzee. Sasa shikilia shifti, usiachilie, halafu bonyeza hii." Sentensi hiyo imeugawa ubao mzima katika mafungu mawili bila kitabu chochote. Vipo vitufe vya kubonyeza, ambavyo hufanya kazi yake mara moja vikaisha. Vipo vya kushikilia, ambavyo peke yake havifanyi kitu. Hungoja kingine kibonyezwe ndipo vibadilishe maana yake. Shifti, kontroli, alti na kile kidogo kilichoandikwa Fn vyote ni vya kushikilia. Nimesoma maelezo marefu ya kitaalamu kuhusu fungu hili la pili, na sijaona yaliyo wazi kuliko neno hilo la mhudumu. Ningependa waandishi wa vitabu vya tarakilishi walichukue kama lilivyo: vitufe vya kushikilia.

Shifti ina historia inayolithibitisha. Taipureta iliyotokana na ubunifu wa Christopher Latham Sholes, mhariri wa magazeti wa Milwaukee huko Marekani, iliingia sokoni mwaka 1874 chini ya Remington, na iliandika herufi kubwa tupu. Mwaka 1878 ikaja Remington namba 2, ambayo kila nyundo yake ilibeba herufi mbili, ndogo na kubwa. Ili ipate kubwa, sehemu inayobeba karatasi ilihamishwa kwa uzito wa kidole, na ilibaki imehama mradi kidole hakijaondoka. Kuhamisha huko ndiko kulikokipa kitufe jina. Katika laptopu hakuna kinachohama, lakini kidole bado kinashikilia, kwa hiyo kitenzi cha saiba kimedumisha ukweli ambao jina la Kiingereza limeupoteza.

Enta ni kisa kigumu zaidi. Walioandaa programu kwa Kiswahili, kama Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kazi ya thamani kubwa, na maneno mengi ya kizazi hicho yamekubalika: hifadhi, nakili, kata, bandika, tendua. Lakini neno ingiza lilishapewa kazi ya kutia picha au jedwali ndani ya waraka, na ingia ikapewa kazi ya kufungua akaunti. Ukikiita kitufe kile kikubwa cha kulia Ingiza, umemwacha mwanafunzi na maneno matatu yanayofanana kwa mambo matatu tofauti, tena kuna kitufe kingine kidogo juu kilichoandikwa Insert kinachodai jina lilelile. Hapa naona mkopo ni salama zaidi: enta, basi. Kinaanzisha mstari mpya, kinakubali ulichoulizwa, kinatuma ujumbe, na enta ni jina pana kiasi cha kuyabeba yote.

Hata hivyo jina lake la kale linanivutia. Katika taipureta za umeme kitufe hicho kiliitwa cha kurudi, kwa sababu kilirudisha kibebea karatasi mwanzo wa mstari, na kibodi za Apple zimelihifadhi jina hilo hadi leo. Kwa Kikamba kurudi ni kũsyoka. Mzazi wa Kitui amwitaye mwanawe Mũsyoka ametumia kitenzi hichohicho. Sisemi enta ibadilishwe jina Ukambani. Nasema mwalimu wa darasa la tatu anayetaka kueleza kwa nini mshale wa kitufe hicho umepinda kurudi kushoto ana neno tayari, nalo limeketi mbele yake kwenye rejista ya darasa, bila kiwimbi chake.

Sasa bekispesi, na hapa naomba subira ya msomaji, maana kitufe hiki ndicho kiini cha habari yote.

Tulivyozoea, bekispesi na dileti vyote hufuta, na watu huvichanganya kutwa. Kiswahili kinaweza kuvitenganisha vizuri kuliko Kiingereza kwa maneno mawili ya kila siku: futa nyuma, futa mbele. Cha kwanza hula herufi iliyokwisha kuandikwa, cha pili hula iliyo mbele ya kasa, yaani kile kialama kinachoonyesha mahali unapoandika. Mwenye laptopu ya Apple anahitaji tofauti hiyo zaidi, kwa sababu kitufe chake kilichoandikwa delete hufuta nyuma. Majina ya nyuma na mbele hayadanganyi kwenye mashine yoyote.

Lakini bekispesi hakikuzaliwa kifutio. Jina lake linasema nafasi moja nyuma, na kwenye taipureta ndilo jambo pekee kilichofanya. Wino ulikuwa umekwisha kaa kwenye karatasi. Hakuna kitufe ambacho kingeuondoa. Mpiga chapa alirudi nafasi moja ili apige herufi nyingine juu ya ile ya kwanza. Hivyo mtu ambaye herufi yake haikuwa kwenye mashine alipata njia.

Walioandaa msimbo wa ASCII, ambao ndio msingi wa herufi za kompyuta zetu, waliliwaza hilo. Toleo la mwaka 1967 liliingiza kiwimbi, ~, kikiwa alama ya kuwekwa juu ya herufi: andika herufi, rudi nafasi moja kwa bekispesi, piga kiwimbi. Ndiyo sababu kipo kitufe hicho kwenye kila laptopu inayouzwa Kenya, pembeni juu kushoto chini ya Esc kwenye mpangilio wa Kimarekani, au karibu na enta kwenye mpangilio wa Kiingereza. Wengi hawajawahi kukigusa. Kilikuja kwa kazi ambayo Kikamba kinaihitaji.

Kisha karatasi ikatoa nafasi kwa skrini. Kwenye skrini kila mahali pana herufi moja tu, na kurudi nyuma kukageuka kufuta. Jaribu leo: andika i, bonyeza bekispesi, andika ~. Utabaki na kiwimbi peke yake, i imetoweka. Alama ipo, herufi ipo, na kitufe kilichokuwa kiviunganishe sasa kinaviangamiza. Sijui hasara ya kimaandishi iliyo ndogo kwa umbo na kubwa kwa matokeo kama hii, kwa sababu wanaoisikia ni mamilioni ya watu wa Ukambani, pamoja na jirani zao Wakikuyu, ambao nao huandika ĩ na ũ.

Vitufe vingine havihitaji maneno mengi. Kontroli hushikiliwa kisha C hunakili, X hukata, V hubandika, Z hutendua. Wanafunzi hulalamika kwamba herufi hizo ni za Kiingereza. C kweli ni ya Kiingereza, lakini V na Z si herufi za kwanza za neno lolote linalohusika. Zilipendwa kwa kuwa zimepangana chini kushoto, karibu na kidole. Larry Tesler na wenzake kule Xerox, California, waliujenga utaratibu wa kukata na kubandika miaka ya 1970, na waliozichagua herufi hizi walifikiria mkono. Mkono wa mtu wa Makueni hauna tofauti na wao. Esc ningeiita jinasue, kwa kuwa toka tumeshaipa kazi ya kufunga akaunti, na kunasua ni kitenzi chenye nguvu, cha mtego na mnyama. Tabo huruka kutoka kisanduku kimoja cha fomu hadi kingine, na kuruka ndiko wanakokusema.

Kitufe kirefu kuliko vyote hakina maandishi yoyote juu yake, na hakuna anayekikosea. Wengine huita spesi, mimi huita nafasi. Kwa mwandishi wa Kiswahili hicho ndicho kitufe cha mashauri mazito kuliko vyote. Hatutaandika ni neno moja lenye mengi ndani yake. Kwa sababu ni maneno mawili, ingawa kila siku nasoma kwasababu. Nafasi mahali pake ni sarufi, na dole gumba ndilo linaloishika.

Kuna mkanganyiko mmoja wa Ukambani, na wa Kenya nzima, unaostahili kuelezwa kwa sababu huwatesa watu wasiostahili. Kompyuta nyingi za saiba na za wanafunzi ni mitumba kutoka Uingereza. Kitufe cha 3 kina alama ya pauni, £. Alama ya @, ambayo Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971 kwa ajili ya anwani za baruapepe, imechorwa kwenye kitufe cha mkato wa juu, kile cha ng'ombe na ng'oa. Lakini programu ya ndani mara nyingi imewekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, ambamo @ iko juu ya 2. Mama anashikilia shifti, anabonyeza kitufe kilichochorwa @, na skrini inamwonyesha alama ya kunukuu. Anadhani amekosea. Hakukosea. Mchoro wa juu ya plastiki ni rangi tu; kinachoamua herufi ni mpangilio uliochaguliwa ndani ya mashine. Ukweli huo mmoja ukieleweka, mengi hueleweka, kwa maana ikiwa kitufe kinaweza kusema kisichochorwa juu yake, basi kinaweza pia kusema ĩ.

Herufi zenyewe hazihitaji kubuniwa. Zimo katika Unicode kwa nambari 0129 kwa ĩ na 0169 kwa ũ, na Kivietinamu nacho huzitumia. Kwenye Microsoft Word mtu anaweza kuandika 0129, kisha ashikilie alti abonyeze X, na ĩ itatokea. Tahadhari moja kwa wanaojaribu: ikiwa herufi iliyotangulia ni a hadi f, kompyuta huihesabu kama sehemu ya nambari. Kwenye kũandĩka, d hukaa kabla ya ĩ, kwa hiyo weka kivuli kwenye tarakimu nne peke yake kwanza, halafu ndipo ubonyeze. Kwenye Linux, chini ya Kenya, pamewekwa mpangilio wa Kikuyu, na herufi zake mbili zinamtosha Mkamba. Nayasema haya kwa kuwa yanasaidia leo. Lakini mwalimu anayeandaa hadithi ya ukurasa mmoja hawezi kupiga nambari nne kila baada ya silabi mbili. Ataacha viwimbi. Ndivyo vinavyoachwa.

Na mwalimu huyo anavihitaji kwa mujibu wa sera ya elimu yenyewe. Katika madarasa ya chini ya shule za mashambani, lugha ya eneo ndiyo ya kufundishia, na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaiagiza dola ikuze na kulinda lugha za wananchi. Tangu 2016 serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, mtoto wa Mutomo anaweza kukutana na herufi kwenye kioo kabla ya karatasi. Mtoto anayejifunza kusoma hana muktadha wa kukisia. Anasoma kilichoandikwa.

Kinachotakiwa ni kidogo. Kitufe cha alti kilicho upande wa kulia wa nafasi, kwenye laptopu za mitumba, kimeandikwa AltGr, na kazi yake tangu mwanzo ni kutoa herufi za ziada. Katika mpangilio wa Uingereza ukikishikilia ukabonyeza i, unapata í, yenye mkwaju badala ya kiwimbi. Nyumba imekwisha jengwa, imepangishwa mpangaji mwingine. Microsoft hutoa bure programu ya kutengeneza mipangilio ya kibodi, na mwanafunzi mmoja wa kompyuta mwenye moyo anaweza kuandaa mpangilio wa Kikamba ambamo herufi zote za kawaida zinabaki mahali pake, kwa ajili ya nywila na Kiingereza, na alti ya kulia inatoa ĩ na ũ. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui. Konza, mji wa teknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013, uko Malili, kwenye ardhi ya Makueni. Kaunti zote mbili zina mahali pa kuifanyia kazi hiyo, kuijaribu, na kuisambaza kwa kila saiba na kila shule, pamoja na kibandiko kidogo cha kubandika juu ya i na u.

Maelekezo ya matumizi hayahitaji kamati ya istilahi. Mhudumu wa saiba atayatoa kwa maneno aliyonayo: shikilia alti ya kulia, usiachilie, bonyeza i.